Viraka Vinane kwa Gari la Kupanda Mawe

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa kwa homa ya siku nne, na shida zikaanza. Ndugu zake walikuja matangani mikono mitupu wakaondoka na ng'ombe. Mimi nilikuwa darasa la tatu. La nne sikuliona. Nilitembea mpaka Migori, nikapata kazi ya kuteka maji kwa mzee mmoja aliyekuwa akiziba pancha karibu na daraja. Maji ndiyo yanayoonyesha tundu la tairi liko wapi, kwa hiyo nilijua kutafuta tundu kabla sijajua kunyoa ndevu.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Wakati ule hakuna aliyenihurumia, na sasa sihitaji. Nasema ili ieleweke nilivyofunzwa: tundu kwenye tairi ni ugonjwa, na dawa yake ni kiraka. Nimeitoa dawa hiyo zaidi ya miaka arobaini. Malori ya kutoka mpakani yanapita mbele ya duka langu hapa Rongo, na madereva wanaijua kazi yangu. Mpira naukwaruza mpaka uwe kama ulimi wa paka, napaka solusheni, gundi ya mpira, nangoja ikauke kidogo, ndipo nabandika. Pembe za kiraka nazikata mviringo, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Wengine hawajisumbui. Rongo yote, ukifungua tairi ukaona kiraka kisicho na pembe, huo ni mkono wangu.

Ndiyo maana sikuweza kujificha.

Binti yangu wa mwisho alisoma chuo kikuu hapa hapa Rongo. Alipomaliza akakosa kazi, nikampa chumba cha tatu cha duka langu, akaanza kutengeneza simu na redio. Mumewe ni Mkuria, mtu mpole, mrefu, wa kanisa la Sabato kama mkewe. Walikuwa wamepanga nyumba nyuma ya soko, lakini mchana kutwa mkwe wangu alikuwa pale chumba cha tatu akimsaidia. Mimi jambo hilo halikunipendeza. Kwetu mwanamume hakai karibu na ukwe wake hivyo. Nilikuwa nikisema mbele ya wateja, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kwamba jogoo anayewika kwa uwanja wa watu ataulizwa kwao ni wapi. Yeye alicheka tu na kuinamisha kichwa. Mama wa binti yangu angekuwa hai angenikanya. Hayuko, kwa hiyo hakuna aliyenikanya.

Halafu wakaanzisha hii kazi ya magari madogo.

Si magari ya watoto. Ni magari ya rimoti, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, yametengenezwa kwa ajili ya kupanda mawe. Hayakimbii. Yanapanda polepole kama kinyonga, gurudumu moja linashika, lingine linatafuta. Kuna watu wazima Nairobi, watu wenye kazi na familia, wanakusanyika Jumapili kuyapandisha mawe na kuona la nani litafika juu bila kupinduka. Binti yangu aliona kwa simu. Akaagiza moja lililotumika, akalirekebisha, akagundua kwamba watu hao shida yao kubwa si injini. Ni magurudumu.

Basi wakawa wanazungumza tairi asubuhi mpaka jioni, mita tatu kutoka kwangu, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilisikiliza. Mtu akitaja tairi masikio yangu husimama yenyewe. Binti yangu alikuwa na tairi za aina nne zilizotoka Nairobi, na alizichagua kwa ukucha. Anabonyeza mpira, anaangalia alama inachukua muda gani kupotea. Ikipotea upesi mpira ni mgumu, utateleza kwenye jiwe. Ikikawia, mpira ni laini, utanata, lakini kwa joto la Homa Bay utaliwa na jiwe kama sabuni. Zile zenye meno makubwa aliziweka kando kwa ajili ya matope. Za mawe alitaka meno madogo mengi, yenye mikato katikati, ili yajikunje. Mlango wa zamani wa banda la kuku aliufanya ubao wa majaribio: anaweka gari juu, anainua upande mmoja polepole, anatia alama pale lilipoanza kuteleza. Kazi safi. Sikumwambia ni safi.

Mkwe wangu kazi yake ilikuwa sponji na uzito. Ndani ya zile tairi hakuna tyubu, kuna sponji ndiyo inayozibeba. Alijaribu ya godoro peke yake, gari likisimama upande kwenye mteremko tairi zikalala. Alijaribu sponji ngumu ya kandambili peke yake, tairi zikakataa kujikunja. Mwisho akaziunganisha: pete ya kandambili karibu na rimu, pete ya godoro nje yake, na ile ya nje akaikata meno meno kama gia ili ipate nafasi ya kubonyea. Kila pete aliikata kwa wembe, akiwa amejifunga kitambaa puani. Uzito alitumia risasi zile wavuvi wanazotia kwenye nyavu zizame. Mama mmoja aliyefanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba alimletea kopo zima. Alizigonga kwa nyundo mpaka zikawa ukanda, akauzungusha kwenye rimu kwa ndani. Magurudumu ya mbele aliyapa ukanda mzito, ya nyuma mwembamba.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Niliokota gurudumu moja mezani, nikaliminya. Likabonyea kama andazi.

"Hii haina upepo," nikasema.

"Haitaki upepo, Baba," binti yangu akajibu bila kuinua macho.

"Tairi gani haitaki upepo? Hata mtu akikosa upepo ni maiti."

Wote wawili wakacheka. Binti yangu alikuja akanishika bega. "Baba, hiyo ni ya lori. Hii inapanda mawe. Wewe tuachie hii moja tu."

"Na hii risasi yote mbele? Mzigo unawekwa nyuma. Muulize dereva yeyote."

Mkwe wangu alitaka kunieleza. Alifungua mdomo, akanitazama miguuni, maana mkwe hamkazii macho baba wa mkewe, akaufunga. Binti yangu ndiye aliyesema, "Yeye anajua, Baba. Amepima."

Yeye anajua. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Mimi niliyelala chini ya malori tangu kabla hajazaliwa, leo kwa habari ya tairi, ndani ya duka langu, anayejua ni yeye.

Wiki ile kulikuwa na mgeni anayekuja kutoka Nairobi. Alikuwa na duka la hayo magari, na kikundi cha watu wanaoyacheza. Angefika Homa Bay Jumapili, na alitaka kuona gari lao likipanda mawe chini ya kilima cha Asego. Likipanda vizuri, angeagiza sponji na risasi zao kwa ajili ya kikundi kizima. Binti yangu alikuwa hali chakula vizuri kwa wasiwasi. Mumewe alikuwa amekata zile pete mara tatu, akizitupa na kuanza upya, na ilijulikana wazi kwamba oda hiyo ikipatikana ni kwa mikono yake. Hata mimi nilijua. Angekuwa mtu mwenye kazi yake, si mtu wa duka la ukweni.

Ijumaa kabla ya jua kutua walifunga kila kitu ndani ya kasha, wakafagia chumba, wakaingia Sabato. Jumamosi hawagusi kazi hata kidogo. Walienda kanisani asubuhi, na mimi nikabaki dukani na ufunguo wa chumba cha tatu.

Nililifungua kasha kuangalia tu. Naapa ilikuwa kuangalia tu. Nililitumbukiza gurudumu moja kwenye beseni la maji kama nilivyofanya maelfu ya mara, nikaliminya. Vipovu vikatoka sehemu mbili. Nikachukua la pili: vipovu, sehemu mbili. Magurudumu manne, tundu nane. Nikajiambia, tazama, hawa watoto wanapeleka tairi zenye pancha mbele ya mgeni. Kama ningefikiri kidogo tu ningejiuliza pancha gani zinazofanana hivyo, mbili mbili, kila moja upande wake. Sikufikiri. Nilifurahi. Hapo ndipo penye aibu yangu, na sitaizunguka: nilifurahi kuona mkwe wangu amekosea.

Rimu zile zinafungwa kwa skrubu ndogo ndogo. Nilizifungua zote, nikatoa sponji, nikakwaruza, nikapaka, nikabandika viraka vinane vidogo kama kucha za mtoto, pembe mviringo. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Na nilipokuwa ndani nikatoa nusu ya risasi za mbele. Kwenye lori, risasi ya kusawazisha gurudumu ni kidogo kama haragwe. Hii ilikuwa mzigo. Nikazificha kwenye kopo la nati. Nikarudisha sponji, nikafunga skrubu, nikaliminya gurudumu. Likasimama gumu kama ngumi. Nikaona sasa ndiyo tairi. Mpango wangu ulikuwa gari lipande, watu wapige makofi, ndipo niseme polepole, "Na nani aliziba pancha?"

Jumapili tukaenda Homa Bay pamoja. Walikuwa hawajafungua kasha tena. Kwa nini wafungue, walikuwa wameshamaliza. Mgeni alikuwa mtu wa heshima, kofia kubwa, akatusalimia kwa mikono miwili. Walichagua mawe yaliyopandana kama ngazi mbovu. Binti yangu akashika rimoti.

Gari lilipanda jiwe la kwanza. Kwenye la pili, tairi za mbele hazikulikumbatia jiwe. Ziligonga zikaruka kama mpira wa miguu, pua ikainuka juu, gari likaenda chali.

"Pole, jaribu tena," mgeni akasema.

Akajaribu. Likaenda chali tena. Hapo ndipo nilipojua. Kabla ya mtu yeyote pale, mimi nilijua. Niliona kwa macho yangu kwamba zile tundu zilikuwa pumzi ya tairi: upepo utoke jiwe likibonyeza, uingie jiwe likiachia. Mimi nilikuwa nimefunga upepo ndani. Na pua iliruka kwa sababu risasi zake zilikuwa Rongo, kwenye kopo la nati.

Mara ya tatu lilianguka kutoka juu, likadunda mara mbili mpaka karibu na viatu vya mgeni. Akaliokota, akaminya tairi. "Sponji zenu ni ngumu," akasema kwa upole. "Na mbele ni jepesi. Nilidhani mlikuwa mmefika mbali zaidi."

Binti yangu alimgeukia mumewe. "Umeweka nini humu?"

"Ngoja niangalie."

"Nilikuuliza Ijumaa, uko tayari? Ukasema tayari! Tayari gani hii? Unakata sponji ama unakata majani ya ng'ombe?"

Mkwe wangu alichuchumaa, akatoa bisibisi, akafungua gurudumu moja akiwa ametugeuzia mgongo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimwona akiingiza kidole, akakisogeza puani. Halafu akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aoe kwangu akanitazama machoni. Muda mfupi tu. Akafunga lile gurudumu, akayatoa yote manne, akayatia mfukoni mwa jaketi na kusimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilikata vibaya."

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Mgeni bado yuko, gari bado liko, neno moja tu, na mchana ungegeuka. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Kazi ya mikono inataka mtu aliyeizoea."

Nimesema maneno mengi mabaya maishani mwangu, kwa wadeni, kwa polisi, kwa ndugu za baba. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Mgeni aliondoka na hatukumsikia tena. Binti yangu hakuongea na mumewe njia nzima kutoka Homa Bay, wala wiki ile, na alipoanza kuongea ilikuwa afadhali angenyamaza. "Muulize fundi wa sponji," angeniambia mimi, mumewe akiwa amesimama pale pale. Au kwake yeye, "Usiguse hiyo, itakuwa ngumu." Alikuwa amechukua ulimi wangu. Baada ya mwezi mkwe wangu akasema ndugu zake wanamhitaji kwa biashara ya mbuzi, akaenda kwao, akawa anarudi Ijumaa na kuondoka Jumapili. Baadaye Ijumaa nyingine hakurudi. Mahindi yalivunwa binti yangu akiwa analala peke yake nyuma ya soko, na mimi nikiziba tairi kama kawaida, nikisalimiwa kama kawaida.

Siku moja dereva wa lori alileta tairi, akaniambia, "Mzee, yule mkwe wako ulimfukuza vizuri. Hakuwa na mikono." Alidhani ananifurahisha. Nilimrudishia tairi yake nikamwambia atafute fundi mwingine.

Siku ya soko la mifugo nilipanda pikipiki mpaka Ogwedhi. Kwetu jambo la ukwe lina njia yake. Unatuma mtu wa katikati, yeye ndiye anayebeba maneno, na wewe unabaki na heshima yako nyumbani. Nilifikiria nani wa kutuma. Kila niliyemfikiria ningelazimika kumweleza kwanza. Nikaenda mwenyewe, risasi zimefungwa kwenye gazeti.

Mkwe wangu alikuwa ameshika mbuzi wawili kwa kamba, akibishana na mnunuzi. Aliponiona aliziachia kamba, mbuzi wakatawanyika. Mnunuzi akacheka, "Wewe, umeona simba?"

"Nimeona mkwe," akasema. Akanivuta kando, macho chini. "Baba, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi hukutuma mtu?"

"Nimejituma." Nikampa gazeti. Alijua kwa uzito kabla hajalifungua. "Ni mimi niliyeziba zile tundu. Na hizi nilitoa mimi."

"Najua, Baba. Nilijua pale pale. Harufu ya solusheni. Na pembe."

"Mbona hukusema?"

Alinishangaa kweli kweli. "Nimwambie mke wangu, mbele ya mgeni, kwamba baba yake ameharibu? Kwetu hata ng'ombe wangekataa kunisikia."

"Nitamwambia mimi."

Hapo akakasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Usimwambie! Amenitukana miezi yote hii. Ukimwambia leo ataishi vipi na maneno yake? Wewe utapumua, Baba, na yeye atabeba."

Nilimsaidia kukamata mbuzi. Mmoja alikuwa amefika karibu na barabara, na mimi na miaka yangu sitini nikamfukuza mpaka nikamshika mguu, watu wakipiga kelele, "Mzee, shika! Mzee, usiachie!" Nilipomrudisha nikamwambia mkwe wangu, "Yeye ni binti yangu, atakasirika na atapona. Lakini akiendelea kukuona mtu bure, hiyo haiponi. Panda nyuma."

Akampa mnunuzi mbuzi wake kwa bei aliyokuwa ameikataa, akapanda.

Tulifika Rongo binti yangu akiwa anafunga chumba, na mkwe wangu akatangulia kuingia ndani. Nilisema nikiwa nimesimama, sikukaa. Nilisema Jumamosi, beseni, viraka, risasi, na lile neno nililolisema chini ya kilima. Hakulia. Aliingia ndani, akasimama mbele ya mumewe, akanyoosha mkono. Mkwe wangu akatoa magurudumu kwenye mfuko wake wa safari. Alikuwa amekaa nayo wakati wote huo. Binti yangu akafungua moja, akaliweka mbele yangu.

"Toa kiraka."

Nilijaribu kwa kucha, kwa kisu, kwa petroli. Mwishowe kikatoka na mpira wote, tairi ikabaki na tundu la kupitisha kidole. Tairi zote nne ziliharibika hivyo. Viraka vyangu havibanduki.

Ndipo akamgeukia mumewe. "Na wewe uliniacha nikutukane?"

"Ungemtukana nani? Huyu?"

"Ndiyo! Huyu!" Akanionyesha kwa kidole, baba yake, na mimi nikaona ana haki. "Mngenipa nafasi nimtukane huyu!"

Alitoka nje akasimama kwenye barabara, ameshika kiuno, malori yakipita. Mumewe akamfuata. Sikusikia walichosema. Walikaa huko muda mrefu, na waliporudi walipita mbele yangu wakaenda nyumbani.

Mkwe wangu amerudi kazini. Hawakurudi jinsi walivyokuwa. Binti yangu akimsemesha siku hizi huwa mwangalifu mno, kama mtu anayebeba mayai, na hilo ni kazi ya mikono yangu. Oda zinakuja ndogo ndogo, za Kisumu na Eldoret. Yule wa Nairobi walimwandikia, hakujibu. Nilitaka kumwandikia mimi mwenyewe. Binti yangu akasema, "Baba, acha."

Chumba cha tatu nimekiandika kwa jina la mkwe wangu, mbele ya chifu. Watu wa ukoo walikuja kunikemea: mzee gani anampa mkwe kipande cha mali? Niliwaambia wanywe chai waende. Yeye alikataa mara mbili. Mara ya tatu binti yangu akamwambia, "Chukua." Sikukitoa kama malipo. Lile neno la Homa Bay halina malipo, na yeye hajawahi kulitaja.

Leo hii nina vyumba viwili vya duka Rongo, kando ya barabara. Kompresa moja, jeki tatu, moja imeharibika. Nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na tangi la maji. Ekari mbili za miwa. Ng'ombe wanne na ndama. Pikipiki. Jembe la kukokotwa. Kaburi la mke wangu, limejengewa. Suti moja. Simu.